Doa Lililozimwa kwa Wino

Nyumbani,
3 Machi

Baba Punje mpenzi,

Salamu nyingine zimetangulia kwa moyo, hizi nimezifungia kwenye bahasha pamoja na picha. Zipokee zote. Mimi mzima, binti yako mzima, wifi yangu mzima na mdomo wake mzima.

Leo umetimiza miezi mitano huko mlimani, na Punje ametimiza mwaka na miezi miwili. Anatembea! Siyo zile hatua mbili za kuanguka nilizokuandikia. Anatoka mlangoni kwa dobi mpaka kwenye meza yangu ya pasi, anashika ncha ya shuka la mteja, ananitazama kama anayesema, nikivuta utanifanya nini? Akavuta. Dobi akauliza, "Huyu mkaguzi umemtoa wapi?" Nikamwambia baba yake anakagua mbingu, mtoto kaanza na mashuka.

Picha hii ni ya sita. Kiti kilekile, pazia lilelile la Fundi Picha, kama ulivyoagiza, ili ukizipanga uone anavyokua. Nikupe na kichekesho. Ilipotoka mara ya kwanza, jicho la kulia lilikuwa na weupe katikati, kama mtu kabandika kipande cha ganda la yai. Nilishtuka. Fundi Picha akasema, "Shemeji, hiyo ni flashi imemwingia machoni, mtoto hakutulia. Naizima sasa hivi." Akachukua ile brashi yake ya nywele tatu, wino mweusi, tone moja. Wewe uliyefanya kazi kwake miaka mitatu unaijua mikono yake. Huwezi kujua kama palikuwa na kitu. Mimi ndiye niliyemsisitiza aifanye vizuri, maana mtu aliye mbali doa dogo hulikuza.

Oktoba utarudi kweli? Kama hujui usinijibu, niache nijidanganye.

Wako wa pasi na nepi,
Mama Punje


Kituoni,
18 Machi

Mama Punje wangu,

Gari la mahitaji limepanda leo, nimeruka juu kabla halijasimama, mpishi akadhani nimeona nyama. Nilikuwa natafuta bahasha yako. Ujue gari hili ni moja kila wiki mbili, na redio ya kituo iliungua kwa radi, kwa hiyo ukiwa na neno, lipande na vitunguu.

Picha nimeibandika ukutani juu ya kitanda, ziko sita kwa mstari. Binti yangu amependeza. Macho yote mawili yananitazama, nikihama kushoto yananifuata, nikihama kulia yananifuata. Mwambie asiwe mkali.

Unaniuliza kazi yenyewe ni ipi. Bibi Darubini, yule mkubwa wetu, anapiga picha kipande kilekile cha mbingu leo, kesho na keshokutwa. Mimi nasafisha filamu, natoa picha kubwa za karatasi, naziondolea madoa ya vumbi kwa brashi kama alivyonifundisha Fundi Picha. Kisha Bibi anaweka filamu mbili kwenye mashine inayopepesa: unaona ya leo, ya jana, ya leo, ya jana, harakaharaka. Nyota zote zinatulia. Ukiona kitone kinarukaruka, hicho si nyota. Amekaa miaka kumi na moja anangoja kimoja kirukeruke ambacho hakuna mtu amewahi kukiona. Macho yake yamekuwa mekundu kama ya mkata vitunguu. Nikimwambia apumzike ananiambia, "Nikipumzika mimi, vyenyewe vitapumzika?"

Kuhusu Oktoba sikujibu, kama ulivyotaka.

Baba Punje


Nyumbani,
30 Machi

Baba Punje,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, wifi akisikiliza huku anajifanya anachambua mchele. Nilipofika kwenye vitunguu akasema, "Kaka yangu ameolewa na jiko la kituo."

Mwanao ana vituko vipya. Anagonga vitu. Upande wa kulia tu: mlango, kona ya meza, ndoo. Wifi anamwita Dereva Mlevi. Jana nilimpelekea kijiko kwa kulia, hakukitazama. Nikakileta kushoto, akakidaka kabla hakijafika. Wifi akasema ni ubaguzi tu, kama wewe, unayechagua upande wa sahani.

Halafu jioni umeme ulikatika. Nikawasha taa ya mafuta, Punje akageuka, na jicho lake la kulia likang'aa kama la paka. Mara moja, likazimika. Nikaisogeza taa tena. Likang'aa tena. Wifi akashika kifua: "Baba yake anatafuta nyota mlimani, mtoto kaokota moja kaiweka jichoni! Ni bahati hiyo, usiiseme sana itakimbia."

Nimeamua kuishika bahati. Mtoto anakula, anacheka, hana homa, kinyesi chake kizuri (samahani, ndiyo maisha yetu). Kwa nini nitafute balaa kwa tochi?

Picha ya saba imo. Nimewahi kumpeleka kabla ya tarehe yetu ili ipande na gari hili. Fundi Picha alisema flashi safari hii imekula zaidi kidogo. Akazima.

Mama Punje


Kituoni,
14 Aprili

Mama Punje,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Tumekipata. Na mimi nusura nikizike.

Bibi Darubini alikuwa na picha zangu za karatasi za siku tatu mezani. Ya kwanza ina kitone cheupe pembeni mwa nyota mbili. Ya tatu ina kitone hichohicho, kimesogea upana wa ukucha. Ya pili haina kitu. Akaniita. "Kijana, hii ya pili imekuwaje?" Nikasema ni safi, niliitoa vumbi mwenyewe. Akaenda akatoa filamu yenyewe, akaiweka kwenye taa. Kitone kipo! Mimi nilikiona, nikakiita vumbi, nikakipiga wino.

Mke wangu, sijatukanwa hivyo tangu shule. "Umeizika dunia nzima kwa tone la wino!" Kisha akakaa, akalia, akacheka, akaomba chai. Baadaye akanifundisha, nami nimeapa sitasahau. Akasema doa halifutwi mpaka liulizwe maswali matatu. Jana ulikuwepo? Leo uko palepale? Ukubwa wako ni uleule? Likijibu yote matatu, ndipo ujue unafuta nini.

Kitu chenyewe ni asteroidi, jiwe kubwa linalozunguka jua kama dunia yetu inavyozunguka. Yako mengi, yanapita kwenye mkanda mmoja kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Hili hakuna aliyelijua. Limepewa namba ya muda tu, kama mgonjwa aliyelazwa kwenye korido. Tukishindwa kuliona siku za kutosha kabla halijaenda nyuma ya jua, litapotea na hatutajua pa kulitafuta. Na mawingu ndiyo yanaanza.

Mwambie wifi halitatuangukia. Liko mbali na halina habari na sisi.

Punje ni mzima huyo. Hata mimi nilikuwa nagonga milango, muulize mama.

Baba Punje


Kituoni,
29 Aprili

Mama Punje,

Gari limekuja bila barua yako. Nimepekua hata gunia la viazi. Dereva kaniambia, "Kaka, kama haimo haimo, viazi haviandiki."

Pengine ulichelewa tu. Au umenuna kuhusu Oktoba.

Nikuandikie habari za jiwe letu mpaka mkono utulie. Wenzake Bibi wa kituo kingine, wenye vyombo vya kupima joto, wanasema upana wake ni kilomita kama ishirini. Jeusi kama mkaa: miale mia ikilipiga, linarudisha minne, mingine linameza. Ndiyo maana lilijificha miaka yote. Si kwamba ni dogo, ni kwamba halirudishi mwanga. Tena halitulii. Mwanga wake unapanda na kushuka kila baada ya saa chache, maana ni refu kama kiazi kitamu na linajigeuza likienda, mara ubavu, mara ncha. Kulizunguka jua linachukua miaka mitano na miezi mitatu. Bibi anasema halina haraka na halina huruma, linafuata njia yake tu.

Ukutani zipo picha saba. Ya nane nimeiachia nafasi.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata matusi.

Baba Punje


Nyumbani,
9 Mei

Baba Punje,

Sikununa. Gari la mwezi uliopita lilinipita nikiwa hospitalini.

Barua yako ya maswali matatu niliisoma nimesimama kwenye meza ya pasi. Nilipofika hapo nikasahau mkono, nikaunguza kola ya shati la mteja. Dobi akapiga kelele, mimi nimeshambeba Punje niko barabarani.

Nilimkuta Fundi Picha anafagia. Nikamwambia, "Shemeji, nitolee picha zote za Punje upya. Usitie wino hata tone." Akacheka: "Unataka madoa ya nini, shemeji, kuna mtoto wa kutishia?" Mimi sikucheka. Akaacha ufagio, akaingia chumba cha giza.

Alizitoa zikiwa na maji, tukazipanga kwenye meza yake kwa miezi. Oktoba, macho mawili meusi. Novemba, meusi. Desemba, jicho la kulia lina kitu kama chembe ya chumvi.

Nikamuuliza, "Hii uliizima?"

"Niliizima."

"Mbona hukuniambia?"

"Shemeji, kuzima madoa ndiyo kazi yangu. Nani huambiwa?"

Januari, kama punje ya mchele. Februari, zaidi. Machi, ile niliyomsisitiza mimi, nusu ya mboni. Aprili mboni nzima nyeupe, Baba Punje, nzima, na mtoto anacheka.

Jana ulikuwepo? Nilikuwepo. Leo uko palepale? Palepale. Ukubwa wako ni uleule? Fundi Picha alikaa kwenye kile kiti anachokalia Punje, akashika kichwa. Akasema, "Nimelifuta mara tano. Nimelifuta kwa mkono wangu mara tano." Nikamwambia, ya Machi na Aprili tulifuta wote.

Nguo ina madoa ya juu na madoa ya ndani. La juu unalitoa kwa sabuni. La ndani ukilisugua unatoboa nguo. Kazi yangu ni hiyo miaka minne, na sikujua.

Daktari wa macho ni mwanamke, anaongea polepole. Nilimpa picha saba. Alizitazama, akaniuliza nani kazipanga hivi. Nikasema mimi. Akauliza nimesoma wapi, nikamwambia nimeishia shule ya msingi. Akasema, "Umenifanyia kazi ya nusu mwezi." Nilifurahi kidogo, nisamehe, nilidhani kusifiwa ni dalili nzuri. Kisha akamulika.

Ni uvimbe ndani ya jicho. Saratani, ya watoto wadogo. Jicho hilo halioni tena, pengine tangu Februari. Anasema uvimbe ukiingia mshipa ulio nyuma ya jicho unaelekea kichwani, na ukifika huko yeye hana la kufanya. Anataka kulitoa jicho zima. Amempa Punje tarehe 19 mwezi huu.

Wifi analia na kufoka kwa pamoja. "Mtoto wa kike atolewe jicho, atatazamwa vipi? Baba yake hayupo! Mtoto ni wa ukoo, si wa dobi!" Karatasi ya sahihi ya upasuaji iko chini ya blanketi la pasi. Nipe neno lako. Gari linapanda tarehe 13, dereva ameahidi atakungoja uandike.

Nina matumaini. Daktari amesema tumewahi, au amesema huenda tumewahi, sikushika vizuri.

Mama Punje


Kituoni,
13 Mei

Mama Punje,

Dereva anapiga honi nje.

Subiri. Usitie sahihi. Daktari naye ni binadamu, jicho likitoka halirudi. Nitashuka na gari lijalo, tarehe 27, tukae chini kama baba na mama, tutafute hata daktari wa pili.

Ningeshuka leo. Lakini jiwe linakaribia kwenda nyuma ya jua, tumebakiwa na siku chache tu, na Bibi Darubini ana mikono miwili. Nikimwacha sasa, miaka yake kumi na moja imepotea. Sijamwambia habari hizi, nikimwambia atanifukuza nishuke. Wiki mbili tu, mke wangu. Uvimbe hauna miguu.

Na nikuambie ukweli, nimesimama hapa mbele ya ukuta. Picha ya Aprili iko mbele yangu. Macho mawili meusi, mazuri, yananitazama. Naliona jicho la mwanangu. Pengine taa ya daktari ndiyo mbovu.

Subiri.

Baba Punje


Hospitalini,
21 Mei

Baba Punje,

Uliniandikia nisubiri. Sikusubiri.

Barua yako niliipata tarehe 15. Niliisoma mara tatu, nikaikunja, nikaiweka chini ya blanketi la pasi juu ya ile karatasi. Nikanyoosha mashati sita. Nilikuwa nangoja moyo uniambie, huyu ni mume wako, mtii. Moyo haukusema. Lililokuwa linasema ni swali la tatu, kwa sauti ya Bibi Darubini ambaye sijawahi kumsikia. Ukubwa wako ni uleule?

Nilipotoa karatasi wifi alisimama mlangoni. "Huwezi kumpita kaka yangu."

Nikamwambia, "Kaka yako anatazama jicho la wino."

Akaondoka mlangoni. Kisha akaniambia, "Leta mtoto nimbebe, wewe shika karatasi." Tukaenda wote. Daktari akasema sahihi ya mzazi mmoja inatosha. Niliandika jina langu kama shuleni, herufi moja moja.

Wametoa juzi. Punje alirudi kichwa kimefungwa kitambaa, mdogo kama siku aliyozaliwa tukampa jina hilo. Alipoamka alinitafuta upande wa kulia, akakosa, akageuza kichwa chote kunipata kwa kushoto. Nimeshaona jinsi atakavyokuwa akinitafuta maisha yake yote. Akaomba maji. Akamkojolea shangazi yake. Wifi akasema, "Basi huyu ni mzima," akatoka nje na sikumwona saa nzima.

Jicho limepelekwa maabara. Watautazama ule mshipa wa nyuma waseme kama ni safi. Majibu yanachukua wiki kadhaa. Na daktari amesema jambo jingine, akiwa ananitazama usoni: ugonjwa huu wakati mwingine huanza na jicho la pili.

Sina hasira. Nilikasirika siku mbili, sasa nimechoka. Lakini nisikilize, hili ni jambo la kazi yangu na ninalijua. Chukua picha ya Aprili ukutani. Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, ikamue. Sugua jicho la kulia polepole, kwa kuzunguka, usibonyeze. Wino ule uko juu tu, utatoka.

Utazame kilichoko chini. Kisha ushuke.

Mama Punje


Kituoni,
24 Juni

Mama Punje,

Nimerudi salama. Zile siku ishirini na tano nilizokaa nyumbani hatukusema mengi. Nilimbeba, nilimwosha kidonda, nilijifunza kukaa kushoto kwake. Niliyoshindwa kuyasema uso kwa uso nayaandika.

Siku ileile barua yako ilipofika, nilisugua. Sikuanza na ya Aprili, niliogopa. Nilianza na ya Desemba. Ile chembe ya chumvi ilipotokea nilijiambia ni karatasi imechubuka. Nikaendelea. Nilipomaliza ya tano, pamba zote nyeusi sakafuni, na mwanangu ananitazama kutoka ukutani kwa jicho jeupe linalokua mwezi hadi mwezi, na mimi nililala chini yake miezi hiyo yote.

Bibi Darubini aliingia kunitafuta. Akaona ukuta. Yeye hahitaji maelezo mbele ya picha zilizopangwa. Akauliza, "Tangu lini unajua?" Nikasema tangu tarehe 13. Akasema, "Na ukabaki kwa ajili ya jiwe langu?" Nilidhani atanipiga. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Jiwe linarudi, mpumbavu wewe. Miaka mitano na miezi mitatu, linarudi. Huyu je?" Akanifungia mkoba kwa mikono yake.

Nikuambie na jambo linalonila. Siku zile kumi na nne nilizobaki, mawingu yalifunguka mara moja tu. Na mara hiyo ikatosha. Tulilipata, njia yake imepigwa hesabu, halipotei tena. Sasa liko nyuma ya jua. Bibi anajua litatokea wapi mwezi wa Novemba. Kila mtu hapa ananipa mkono wa pongezi, nami naupokea kama mtu anayepokea kitu cha wizi.

Oktoba nakuja kwa kukaa. Nimeshamwambia Bibi. Hakubisha.

Majibu ya maabara yakitoka usiyapake rangi. Niandikie kama yalivyo.

Baba Punje


Nyumbani,
6 Julai

Baba Punje,

Majibu yametoka. Nayaandika kama yalivyo. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye mdomo wa mshipa. Haujaingia. Daktari alinionyesha kwa kalamu kwenye karatasi: hapa ni uvimbe, hapa ni mshipa, na kati yao pana nafasi ya unyoya. Nikamuuliza, wiki mbili zingekuwa nini? Akaiweka kalamu mezani. Sikuuliza tena, na wewe usijiulize kila siku. Jiulize Jumapili tu.

Jicho la kushoto atalimulika kila mwezi. Kila mwezi, mpaka Punje atimize miaka saba. Nilipiga hesabu kwa vidole: jiwe lenu litakuwa linamaliza kulizunguka jua mara moja, hata na kidogo zaidi. Ninyi huko mnaomba kitu chenu kitokee. Mimi naomba changu kisitokee. Sijui Mungu anatusikilizaje wote wawili kwa wakati mmoja, lakini ndiyo kazi yake.

Punje hajambo. Kaacha kugonga milango, amejifunza kugeuza kichwa kama kuku anayemtilia mtu shaka. Wifi hamwiti tena Dereva Mlevi, anamwita Mkaguzi Mkuu. Jicho la bandia watampimia mwezi ujao. Daktari amesema watu hawatajua, nikamwambia sisi tumeshachoka na mambo ya watu kutojua.

Juzi tulikwenda kwa Fundi Picha. Kiti kilekile, pazia lilelile. Ile brashi ya nywele tatu ameitupa, wateja wananuna kwamba chunusi zao zinatoka wazi, naye anawajibu, "Muulizeni Mama Punje." Alipiga mara moja, akarudia. Aliingia chumba cha giza, na mimi nilisimama nje ya pazia na Punje mgongoni nikisikia maji yanavyomwagika kwenye sinia. Alikaa humo muda. Sikumwita. Nilihesabu vitu vya dukani, viti vinne, kamera mbili, saa moja imesimama.

Alipotoka alinipa picha, ikiwa bado imelowa.

Nimeitazama kwa jua, nimeitazama kwa taa, nimeitazama kwa lenzi yake ya kukuzia. Hiyo hapo ndani ya bahasha, ni ya nane. Nafasi yake uliyoiachia ukutani ndiyo hiyo. Upande wa kulia ni kitambaa cheupe. Haikutiwa wino hata tone, ukitaka sugua.

Jicho la kushoto, leo, ni jeusi.

Mama Punje